Mtoto wa Jirani Katika Shule Yetu: Habari za Kisiwa cha Trinidad

Wasomaji wetu wengi wamepata kusikia hoja hii barazani. Kanisa limejenga shule kwa fedha za waumini na kwa jasho lao. Kisha mtoto wa dini nyingine aja mlangoni, ataka kusoma. Je, apokewe kwa masharti gani? Wako wasemao, Na aingie, walakini afundishwe dini yetu, maana ndiyo sababu ya kujenga. Wengine husema, Aingie alivyo, atoke alivyo. Tena wako wa tatu, nao huona kwamba kanisa lingefanya vema kuiachia serikali shule zote, ili watoto wa nchi wasikue makundi makundi kama kuku wa nyumba mbali mbali wanaochomana macho penye mtama mmoja. Sisi tulio waalimu twaulizwa neno hili mara nyingi, na jibu la haraka halina faida. Kwa hiyo tumeona vema kuwaonyesha wasomaji nchi moja ya mbali iliyozijaribu njia hizo zote tatu kwa muda wa miaka zaidi ya mia na sabini.

Nchi hiyo ni Trinidad na Tobago, visiwa viwili katika bahari ya Karibi. Kutoka ncha ya Trinidad hata bara ya Venezuela ni maili saba tu za maji. Visiwa vyote viwili vina eneo la kilomita za mraba 5,128, yaani karibu mara mbili ya Unguja na Pemba pamoja. Jina Trinidad maana yake ni Utatu Mtakatifu: Christopher Columbus ndiye aliyekiita kisiwa hivyo, alipokiona tarehe 31 Julai 1498. Wenyeji hawakuulizwa.

Wahispania walikitawala karibu miaka mia tatu bila kukitia watu wengi. Mwaka 1783 hesabu yote ya wakaaji ilikuwa 2,763, na katika hao 2,032 walikuwa wenyeji wa asili. Ndipo mfalme wa Hispania akatoa tangazo kwamba mgeni atakayekuja kukaa atapewa ardhi, na ardhi nyingine zaidi kwa kila mtumwa atakayemleta, mradi mgeni huyo awe Mkatoliki. Wakaja Wafaransa wenye mashamba kutoka visiwa vya jirani, pamoja na watumwa wao. Waingereza walipokitwaa kisiwa mwaka 1797 watu walikuwa wamefika 17,718, na watumwa walikuwa 10,009. Wenyeji wa asili walikuwa wamebaki 1,082. Msomaji azitazame hesabu hizi polepole. Katika miaka kumi na minne wenyeji walipungua karibu nusu, na wengi kuliko nusu ya wakaaji wote walikuwa mali ya mtu mwingine. Na mlangoni mwa mambo hayo palikuwa na sharti la dini! Aliyetaka ardhi aliulizwa kama ni mtu wa kanisa. Hakuulizwa anawatendaje watu aliokuja nao.

Utumwa ulivunjwa na sheria mwaka 1834, lakini watu walipata uhuru kamili tarehe 1 Agosti 1838. Walioachwa huru hawakupenda kurudi katika miwa ya bwana wao wa jana kwa mshahara wa kipande cha mkate, wala hatuoni ajabu. Wenye mashamba wakatafuta mikono ya bei rahisi mahali pengine. Tarehe 30 Mei 1845 jahazi moja kubwa liitwalo Fatel Razack likatia nanga, limechukua Wahindi zaidi ya 200 walioandikwa kwa mkataba wa kazi. Biashara hiyo ikaendelea hata mwaka 1917, na jumla ya waliovushwa ilikaribia 144,000. Waliwekwa katika mabanda ya mashamba, na aliyetoka shambani bila cheti aliweza kufungwa. Waafrika nao wakaona ujira wao unashuka. Tena sehemu ya gharama ya kuwaleta hao wageni ilitoka katika hazina ya serikali, yaani katika kodi, na kodi hulipwa na maskini pia. Hivyo watu wa namna mbili, waliodhulumiwa na bwana mmoja, wakatazamana wao kwa wao kwa jicho baya, na yule bwana akakaa kivulini. Waliorudi Uhindi baada ya mkataba hawakufika theluthi. Wengine wakakaa, wengi wao wakilima vishamba vyao wenyewe, na nchi ikawa yao pia.

Hatutawaeleza sana Wachina waliotangulia kufika mwaka 1806, wala Wareno wa kisiwa cha Madeira, wala wachuuzi wa nchi ya Sham waliokuja baadaye na mizigo ya nguo mabegani. Wala hatutakaa Tobago, kisiwa kidogo kilichounganishwa na Trinidad mwaka 1889, ambacho watu wake karibu wote ni wa asili ya Afrika. Ila yafaa tuonye neno moja kabla ya kuendelea, kwa kuwa huku kwetu watu huyachanganya: Wahindi ni watu wa nchi, na Wahindu ni watu wa dini. Trinidad kuna Wahindi Wahindu, na Wahindi Waislamu, na Wahindi Wakristo.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 wakaaji walikuwa 1,328,019. Wenye asili ya Uhindi walikuwa 35.4 katika kila mia, wenye asili ya Afrika 34.2, na waliojiita wa damu mchanganyiko 22.8. Mfalme Daudi aliadhibiwa kwa kuwahesabu watu. Huko Trinidad hesabu ya watu huleta homa ya namna nyingine, maana kila upande hutazama kwanza nani amemzidi mwenziwe. Mwaka 1990 Wahindi walikuwa 40.3 katika mia, na Waafrika 39.6. Pande zote mbili zimepungua tangu wakati ule. Aliyekua ni yule wa tatu, mtoto wa mchanganyiko. Mtoto wa Mwafrika na Mhindi huitwa dougla, neno lililotoka Uhindi, nalo kwa asili ni tusi. Sasa wako wengi wanaolichukua wenyewe bila haya, na katika hesabu ile walikuwa 7.7 katika mia. Wakati wazee walipokuwa wakibishana nani ni wengi, vijana walikuwa wakioana.

Dini nazo ni hivi: Wakatoliki 21.6 katika mia, Wahindu 18.2, Wapentekoste na wenzao wa Injili 12.0, Waanglikana 5.7, Wabaptisti 6.9, Waislamu 5.0, Waadventista Wasabato 4.1, Wapresbiteri na wenzao 2.5, wafuasi wa Orisha, dini iliyotoka kwa Wayoruba wa Afrika ya Magharibi, hawafiki mmoja katika mia. Hakuna dini hata moja yenye robo ya watu. Basi hakuna awezaye kusema, Sisi ndio wenye nchi, ninyi ni wageni wetu. Hapo ndipo swali la shule linapokuwa gumu.

Mtawala aliyeitwa Lord Harris ndiye aliyeijaribu kwanza ile njia ya tatu. Mwaka 1851 alianzisha shule za serikali katika kila mtaa, zisizofundisha dini, akitumaini kwamba watoto waliotoka katika lugha na makanisa mbali mbali wangekuwa watu wa taifa moja kwa kukaa benchi moja. Shauri hilo lina uzuri wake, nasi hatulidharau. Lakini Wakatoliki hawakuridhika nalo, na watoto wa Kihindi hawakuja. Wazazi wao walikuwa mashambani, lugha ya shule hawakuijua, na shule yenyewe waliiona kuwa ni ya watu wengine. Benchi lilikuwa moja, lakini waliolikalia hawakuwa wote. Mwaka 1869 akaja mkaguzi wa Kiayalandi, Patrick Keenan, akachungulia mambo yote, na mwaka 1870 ikatungwa sheria mpya iliyoruhusu serikali kuzisaidia kwa fedha shule za makanisa, pamoja na kuendesha zake. Tangu hapo hata leo nchi ile ina shule za namna hizo mbili.

Makanisa yalikuwa yamekwisha anza. Masista wa Mtakatifu Yosefu walifungua shule ya wasichana katika mji wa Port of Spain mwaka 1836, kabla ya watumwa kupata uhuru kamili. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua St Mary's College mwaka 1863. Ni shirika lile lile ambalo mwaka uo huo lilipokea kazi ya misheni Unguja, na mwaka 1868 likajenga Bagamoyo. Na mwaka huo wa 1868 akafika Trinidad mtu wa Kanada, mchungaji wa Kipresbiteri, jina lake John Morton. Kwa habari zake twataka kukaa kidogo.

Morton aliwaona watoto wa Wahindi wakizunguka katika miwa bila mwalimu, wala hapakuwa na mtu aliyeona kwamba ni kazi yake. Akajifunza lugha yao, akawafundisha kwayo. Hilo peke yake lilikuwa kubwa, kwa sababu katika nchi nzima lugha ya Mhindi ilikuwa kitu cha kuchekwa. Misheni yake ikajenga shule kijiji kwa kijiji. Mwaka 1894 ikawa na Naparima College na chuo cha waalimu katika mji wa San Fernando, na mwaka 1912 shule kubwa ya wasichana. Hata sasa Wapresbiteri wana shule za msingi zaidi ya sabini. Mwana wa kibarua wa miwa akawa karani, mwalimu, mwanasheria, tabibu. Asiyejua kazi hiyo hawezi kuijua historia ya Wahindi wa Trinidad.

Walakini mlangoni palikuwa na bei. Mtoto aliingia bila kulazimishwa kubatizwa. Lakini kijana Mhindu aliyetaka kuwa mwalimu katika shule zile, mara nyingi alijua kwamba njia ya kuipata kazi ni kisima cha ubatizo. Wengine waliamini kweli, tusiwasingizie. Wengine walichukua jina la Kikristo kwa ajili ya darasa, na jioni nyumbani wakawa walivyokuwa. Watu wa vijijini walijua nani ni nani, wala hawakuona haja ya kusema. Sisi tuliolelewa na shule za misheni na kula mkate wake hatuwezi kulitazama jambo hili kama watu wa kando, kwa hiyo na tuseme wazi maoni yetu: ubatizo uliowekwa mbele ya mshahara wamdhulumu anayebatizwa, wamdhulumu Mungu, na zaidi ya wote wamdhulumu yule mwalimu mwaminifu aliyeamini kweli, maana majirani hawatamsadiki kamwe.

Tena tazameni matokeo. Baada ya miaka mia na arobaini na zaidi ya kazi, Wapresbiteri ni wawili na nusu katika mia, na Wahindu ni kumi na wanane. Wako wanaosema, Basi misheni ile ilishindwa. Sisi hatukubali. Kama shule ilijengwa ili kuhesabu vichwa, kweli ilishindwa. Kama ilijengwa kwa kuwa mtoto alikuwa hana mwalimu, ilishinda kila siku kengele ilipopigwa. Noor Hassanali, Mwislamu, alisoma Naparima College, akafundisha huko huko. Mwaka 1987 akawa Rais wa Jamhuri, akakaa katika kiti hicho miaka kumi, akiwa Mwislamu vile vile. Je, tuseme wamisionari wa Kanada walipoteza fedha zao kwa mtu huyu?

Kwa upande wa serikali, dhuluma ilidumu zaidi. Kwa muda mrefu fedha ya msaada ilikwenda kwa shule za Kikristo tu, ijapokuwa Mhindu na Mwislamu walilipa kodi ile ile. Ndoa zao vile vile: ndoa ya Kiislamu haikupata kutambuliwa na sheria mpaka miaka ya 1930, na ya Kihindu mpaka miaka ya 1940, hata watoto wa watu waliooana kwa heshima mbele ya wazee wao wakaandikwa kuwa ni wa nje ya ndoa. Wala wenye asili ya Afrika hawakusalimika. Wabaptisti wa Kiroho, Wakristo wanaosali kwa kelele na kengele na kutikisika, walipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1917, wakawa wakisali msituni wakikimbizwa na polisi, hata sheria ile ilipofutwa tarehe 30 Machi 1951. Siku hiyo sasa ni sikukuu ya taifa. Waliotunga sheria ile walikuwa Wakristo, na walioteswa nayo walikuwa Wakristo.

Mwisho wa miaka ya 1940 msaada ulianza kutolewa kwa shule za Kiislamu. Mwaka 1952 kikaundwa chama cha Wahindu kiitwacho Sanatan Dharma Maha Sabha, kikaongozwa na Bhadase Sagan Maraj, tajiri mwenye mkono wazi na ulimi mkali. Chama hicho kikajenga shule kwa haraka ya kustaajabisha: nguzo, mabati, kuta nusu. Wenye kudharau wakaziita mabanda ya ng'ombe. Nasi twauliza, shule zetu za kwanza za makuti zilikuwaje? Leo Wahindu wana shule za msingi zaidi ya arobaini, na nyingine zao ni katika zile zinazosifiwa sana kwa mitihani.

Ndipo akaja Dr. Eric Williams, mwana wa historia, mwandishi wa kitabu kinachoeleza jinsi utajiri wa Uingereza ulivyofungamana na utumwa. Alishika serikali mwaka 1956, na tarehe 31 Agosti 1962 akaiongoza nchi katika uhuru. Yeye aliziogopa shule za dini. Alisema kwamba ndizo zinazoweza kuotesha mfarakano, na ya kuwa nchi mpya haiwezi kuwa na mama wengi: wala Uhindi wala Afrika wala Ulaya isiwe mama, bali kisiwa chenyewe kiwe mama wa wote. Ni shauri la mtu mwenye akili, na aliyesoma habari za makabila anajua hofu yake imetoka wapi. Lakini Wakatoliki walisimama, na Wahindu walisimama, kila mmoja kwa sababu yake. Baada ya mabishano yakafanyika mapatano mwaka 1960. Dini zitabaki na shule zao na mamlaka ya kuziongoza. Serikali italipa waalimu. Watoto wataingia sekondari kwa mtihani mmoja wa nchi nzima, bila karo. Katika kila nafasi mia za sekondari ya dini, themanini zitajazwa kwa kufuata mtihani tu, awe mtoto wa dini gani. Ishirini mkuu wa shule atachagua mwenyewe.

Twaona kwamba katika hizo themanini kuna haki kubwa. Mtoto wa Kihindu huketi kwa masista, mtoto wa Kikatoliki huketi kwa Wapresbiteri, na mzazi huomba usiku na mchana mtoto wake aingie shule ya dini isiyo yake, kwa kuwa yafaulisha. Lakini zile ishirini zimekuwa mwiba mpaka leo. Wenye shule husema, Tukinyimwa hizo, shule yetu itakuwa yetu kwa jina tu. Wasiozipata husema, Mtoto wangu amemshinda mwenziwe kwa alama, naye ameachwa nje kwa sababu baba yake hasali pamoja na mkuu wa shule. Sisi twaona kwamba yule wa pili ana neno zito zaidi, maadamu mshahara wa waalimu unatoka kwa wote. Anayekula chungu cha watu wote hana budi kupakua kwa watu wote. Hata hivyo twakiri kwamba shule ambayo hakuna ndani yake hata mmoja aishikaye imani iliyoijenga, haitakaa na roho yake muda mrefu. Na huenda roho hiyo ndiyo wanayoitafuta wale wazazi wa dini nyingine.

Jambo hili lilijaribiwa hasa kwa nguo. Msichana mmoja Mwislamu alipasishwa kuingia katika shule moja ya masista, akaambiwa hawezi kuingia akiwa amejifunika kichwa kwa desturi ya dini yake. Habari ikafika mahakamani, na mwaka 1995 jaji akaamua kwamba wakuu wa shule hawakumtendea sawa. Wakristo wengine walisikitika. Lakini ngojeni: mwaka 2018 binti mwingine Mwislamu, aliyetumwa kujifunza kazi katika shule moja ya Wahindu, akaambiwa neno lile lile. Wale waliolia jana juu ya mlango wa wenzao, leo walikuwa wameushika mlango wao. Kila dini hujua haki ni nini ikiwa nje.

Na kuna habari ya nishani. Tangu mwaka 1969 nishani iliyo juu kuliko zote katika nchi ile iliitwa Msalaba wa Utatu. Wahindu na Waislamu walisema, Mtu aliyetumikia nchi maisha yake yote atavikwaje kifuani alama ya dini isiyo yake? Mwaka 2006 mahakama ikaona kwamba nishani hiyo yawabagua, na mwaka 2008 ikabadilishwa kwa nyingine isiyo na msalaba. Wakristo wengi waliona uchungu, kama kwamba msalaba umefukuzwa. Sisi hatuoni hivyo. Msalaba haukuwa nishani ya serikali siku ulipotundikwa, bali serikali ndiyo iliyoutundika.

Wasomaji wasidhani kwamba watu wa Trinidad wanaishi kwa kesi tu. Katika mji wa Siparia, kusini, kuna kanisa la Kikatoliki lenye sanamu nyeusi ya Bikira Mariamu, Mchungaji wa Kiungu. Kila mwaka Alhamisi Kuu usiku na Ijumaa Kuu, Wahindu kwa maelfu huja mbele ya sanamu ile, nao humwita Mama wa Siparia, wakileta mafuta na mchele na kuombea watoto wao. Wakatoliki huadhimisha sikukuu yake baada ya Pasaka. Kwa upande wa mafundisho jambo hili lina mashaka kwetu, wala hatutasema kwamba hayapo. Lakini kanisa halikufunga mlango, na mama mwenye mtoto mgonjwa hakuulizwa jina la dini yake.

Kinyume chake ni habari ya Sewdass Sadhu, kibarua Mhindu wa Waterloo, upande wa magharibi wa kisiwa. Mwaka 1947 alijenga hekalu dogo ufukoni, katika ardhi ya kampuni ya sukari. Mwaka 1952 akaamriwa alivunje, akakataa, akafungwa siku kumi na nne, na hekalu likabomolewa. Alipotoka hakugombana na mtu. Alisema moyoni kwamba kama nchi kavu ina mwenyewe, bahari haina. Akaanza kupeleka mawe na saruji kwa baiskeli, ndoo kwa ndoo, maji yakipwa, na kujaza bahari mpaka ipatikane nafasi ya kusimamisha nyumba ya Mungu wake. Watu walimcheka. Aliifanya kazi hiyo karibu miaka ishirini na mitano. Mawimbi yaliharibu mengi. Walakini mwaka 1995, ilipotimia miaka 150 tangu Wahindi kufika, hekalu lilijengwa upya kwa msaada wa serikali, nalo lipo hata sasa, limezungukwa na maji. Aliyefungwa kwa ajili ya hekalu amesimamishiwa sanamu papo hapo.

Labda msomaji atauliza, Je, dini ikiachiwa hivyo haitavuka mpaka? Ndiyo, yavuka, na Trinidad wameliona hilo pia. Zile sheria za ndoa tulizozitaja, zilizokuwa ushindi wa haki kwa Wahindu na Waislamu, ziliruhusu msichana Mhindu kuolewa akiwa na miaka kumi na minne, na msichana Mwislamu akiwa na kumi na miwili. Wengine walizitetea kwa jina la uhuru wa dini. Mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria moja kwa wote: miaka kumi na minane. Hapo twasimama pamoja na Bunge bila kusita. Heshima tunayompa jirani katika ibada yake haifiki mahali pa kumnyamazia anapomtoa mtoto darasani akamtia unyumbani. Na tusijifanye kwamba twasema juu ya watu wa dini nyingine tu. Wasomaji wetu wana binti, nao wajua mahari huweza kusema kwa sauti kubwa kuliko katekisimu.

Sasa kuna wageni wapya. Nchi ya Venezuela ilipoharibika, watu wake kwa makumi ya elfu walivuka zile maili saba za maji, wengine kwa mashua zisizofaa. Mwezi wa Juni 2019 serikali iliwaandikisha 16,523 na kuwapa ruhusa ya kufanya kazi. Ruhusa hiyo haikuwafungulia watoto shule za serikali, kwa ajili ya sheria ya uhamiaji. Shule za dini nazo, kwa kuwa mishahara yake yatoka serikalini, zilikuwa zimefungwa na sheria iyo hiyo. Watoto waliozungumza Kihispania, lugha iliyotawala kisiwa kile kabla ya Kiingereza, wakakaa nyumbani, au wakafundishwa katika madarasa yaliyoanzishwa na jumuiya moja ya Kikatoliki kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2024 serikali ilitangaza kwamba baadhi yao wataruhusiwa kuingia katika shule za kawaida, penye nafasi, kwa masharti ya vyeti na ya lugha.

Wengi wa watoto hao wamezaliwa katika familia za Kikristo. Shule yenye nafasi karibu na nyumba yao yaweza kuwa ya Wakatoliki, au ya Wapresbiteri, au moja ya zile zilizoitwa mabanda ya ng'ombe. Mwalimu Mhindu, ambaye babu yake aliingia kwa Morton bila kujua neno la Kiingereza, atakuwa na daftari la majina mbele yake asubuhi hiyo, na mtoto asiyejua neno la Kiingereza amesimama mlangoni, akingoja kuulizwa jina.